KISU JUU YA KOPE

Sehemu ya Saba

Wiki nzima mmenikalia kooni: mwanamke wa miwani myeusi ni nani? Basi tulieni, jibu hili hapa, ila msinilaumu mkikosa usingizi.

Mtakumbuka tulimwacha Mama Kipusa, mpambaji wa maharusi, kitandani kwa daktari wa upasuaji, kope zake zimeshachorwa mistari ya zambarau pale kisu kitakapopita. Sindano ya ganzi ilikuwa imeshavuta dawa. Ndipo pazia likafunguliwa kwa kishindo, mwanamke akaingia, akavua miwani, na nesi akapiga yowe.

Alichokiona nesi ni hiki. Macho ya yule mwanamke hayafumbiki. Simaanishi alikuwa amekodoa kwa hasira. Alipopepesa, kope zilishuka nusu ya safari zikakwama, na chini yake ukabaki ufa mwekundu wa jicho lililokauka. Kwenye mboni ya kushoto palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya wali. Machozi yalikuwa yakimchuruzika na wala hakuwa analia. Ndivyo alivyokuwa akiishi.

"Dada?" Mama Kipusa aliuliza, akijiinua kwa viwiko.

Ndiye. Dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake, yule ambaye ukoo mzima unaamini yuko ng'ambo akilea watoto wa watu. Miaka miwili alikuwa akipiga simu ya sauti tu, na akiombwa ya picha alisema mtandao mbovu. Ng'ambo gani, msomaji! Alikuwa amejifungia katika chumba kimoja upande wa pili wa mji huu huu, dirisha ameliziba kwa shuka, kwa sababu mwanga ulimchoma.

"Mama, toka nje!" nesi alisema. "Hiki ni chumba cha upasuaji."

"Nitatoka nikimaliza."

Daktari alikuwa amesimama na mikono juu, glavu zimeshavaliwa. Hakufoka. Aliyatazama yale macho kwa namna fundi anavyotazama kazi iliyoharibiwa na fundi mwingine.

"Nani amekukata?"

"Si wewe. Wewe zamu yako inakuja," dada mtu alimjibu, kisha akamgeukia mdogo wake. "Shuka kitandani."

"Ulisema uko ng'ambo."

"Nilisema mengi."

"Umefanya nini, dada?"

"Hicho hicho unachotaka kufanya wewe."

Mama Kipusa alilala tena, akageuza uso ukutani. Hapa nitamtetea kidogo, maana wapo wanaodhani mwanamke huyu alikuja kutafuta urembo. Kope zake zilikuwa zimemshukia. Asubuhi huamka nazo nafuu, lakini jua likishaanza kuteremka, dunia yote huwa anaiona kupitia mwanya. Kumchora bibi harusi wanja alilazimika kuinua kidevu mpaka shingo inauma. Juzijuzi alimchoma mtoto wa watu ndani ya jicho na ncha ya kalamu, harusi ikabaki na bibi harusi mwenye jicho jekundu. Mpambaji asiyeona ni sawa na kinyozi asiye na mikono. Hilo ndilo lililomleta.

Ila kwa daktari hakulisema. Kwa daktari alisema, "Nataka tu nipendeze."

"Dada, usiniharibie," alisema akiwa bado amegeukia ukuta. "Wewe ulienda kwa wababaishaji. Huyu ni daktari kweli. Nimechunguza. Nimeleta na mfano wa macho ninayoyataka, ule pale."

Alinyoosha kidole. Ukutani, juu ya taa, nesi alikuwa amebandika kipande cha picha: macho mawili na nyusi zake tu, makubwa, maangavu, yaliyofunguka kama ya mtu aliyeletewa habari njema. Mama Kipusa alikikata kutoka kwenye tangazo la sehemu moja ya urembo, akakitunza kwenye pochi yake kwa miezi. Sehemu yenyewe hakuipenda. Macho ndiyo aliyoyapenda.

Dada mtu alikisogelea. Alikitazama kwa karibu sana, pua nusura iguse karatasi, maana jicho moja halikuwa na msaada tena. Kisha akacheka. Nesi aliniambia baadaye kwamba angeombwa achague kati ya kile kicheko na yale macho, angechagua kuyatazama macho.

"Nani amekupa hii?"

"Nimeikata mwenyewe."

"Haya ni macho yangu."

Mama Kipusa aligeuka kutoka ukutani.

"Dada, acha utani."

"Mimi na utani tumeachana. Angalia nyusi ya kulia, hapo katikati nywele zimekatika. Nilipasuka lini hapo?"

Mama Kipusa aliitazama picha, kisha nyusi ya dada yake.

"Sema. Nilipasuka lini?"

"Tulipokuwa tunacheza kwenye ngazi."

"Na nani alinisukuma?"

"Mimi."

Sasa oneni ukatili wa kazi yenyewe. Mwanamke huyu kula yake inatoka kwenye nyusi za watu. Lile pengo aliliona siku ya kwanza, akadhani ni mtindo mpya wa kunyoa. Aliupenda. Akaanza kuwanyoa maharusi vivyo hivyo, na maharusi wakausifu. Kovu la dada yake alilitembeza mji mzima bila kulitambua.

"Lakini haya yamepona," alisema kwa sauti ndogo. "Haya ni mazuri."

"Picha ilipigwa nikiwa bado na nyuzi. Yaliyobaki yamechorwa kwenye kompyuta. Muulize aliyechora, yuko nje hapo kwenye benchi, anakula kucha."

"Nani?"

"Mumeo."

*

Baba Kipusa, mpiga picha wa harusi, aliingia ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani amechelewa. Hakumtazama mke wake. Alianza na shemeji yake.

"Shemeji, si tulikubaliana utamwita nje mzungumze?"

"Mlikubaliana?" Mama Kipusa aliketi wima. "Mlikubaliana lini? Unajua alipo dada yangu?"

"Mke wangu, mimi ndiye niliyempigia simu jana. Nafsi ilinisuta. Nikamwambia, kesho anakatwa, njoo umzuie wewe, mimi nimeshindwa."

"Umeshindwa kusema? Mdomo huo huo ulionihimiza?"

"Sikukuhimiza. Nilisema tu kwamba kwenye bango jipya la saluni unaonekana umesinzia."

"Ulilisema mara ngapi?"

Mwanamume akiulizwa mara ngapi huwa ghafla hajui hesabu.

Alieleza kwa kukatakata maneno. Ile sehemu ya urembo humpa kazi ya picha, za kabla na za baada. Siku moja ya kazi, kwenye kiti cha baada, alimkuta shemeji yake mwenyewe, kope zimevimba, damu imekauka pembeni. Akapiga. Akasafisha picha usiku kucha mpaka ikawa nzuri. Shemeji yake akamshika mkono akamwambia: asijue mtu, mdogo wangu hasa asijue, uvimbe ukishuka nitajitokeza mwenyewe. Uvimbe ukashuka. Macho hayakufumba.

"Aliniomba nisiseme," alimalizia. "Mimi nimeshika neno lake."

"Nilikuomba uniokoe na aibu," dada mtu alisema. "Sikukuomba umwache mdogo wangu alale kitandani hapa na macho yangu yamebandikwa ukutani."

"Ndiyo maana nikamleta kwa daktari mzuri! Nilijua lazima atakatwa tu, nikasema heri akatwe na anayejua!"

Msomaji, nimeandika hadithi nyingi zenye waume waovu, na ningependa kukupa mwingine hapa. Lakini huyu alikuwa mwoga tu. Mwovu unaweza kumkimbia. Mwoga unalala naye, anakushika mkono, na anakuangalia ukitumbukia.

Mama Kipusa alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akamgeukia daktari, na alichosema kiliwashangaza wote.

"Daktari, endelea."

"Unasemaje?" dada yake alipaza sauti.

"Nimesema aendelee. Wewe ulikatwa na fundi wa kope bandia. Mimi nakatwa na daktari. Yaliyokupata yananiuma, dada, Mungu ndiye shahidi, tutayalia wote nyumbani. Lakini mimi nisipokatwa leo, mwakani sitaona cha kupamba. Nitakula nini? Nitalisha nini watu?"

Aliinyoosha shingo, akafumba macho. Daktari alimtazama nesi. Nesi akamtazama daktari. Sindano bado ilikuwa kwenye sahani.

Dada mtu alikwenda pale kitandani, akainama, akaupapasa ukope wa kushoto wa mdogo wake kwa ncha ya ukucha, kama mtu anayetafuta mwanzo wa utepe. Akaupata. Akavuta.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha plasta, chembamba kama ganda la kitunguu, kimepakwa poda ya rangi ya ngozi. Na nusu ya mstari wa zambarau wa daktari ilikuwa juu yake.

Ukope ukaanguka. Ulianguka mpaka katikati ya mboni na kubaki hapo.

"Sasa mkate," dada mtu alisema, akimkabidhi daktari ile plasta. "Maana kope ulizopima ni hizi hapa."

Daktari aliishika plasta kwenye mwanga. Uso wake ulibadilika.

"Siku ya kwanza nilikwambia uje uso mtupu."

"Nilikuja uso mtupu," Mama Kipusa alisema, na alikuwa akisema kweli kwa hesabu zake. Mpambaji hatoki nje bila uso. Akiambiwa uso mtupu, huondoa rangi, wanja na kope za bandia, lakini plasta ya kuinulia ukope huibakiza, kama vile mtu akiambiwa avue nguo kwa daktari asivyodhani anaambiwa ang'oe na meno ya dhahabu. Dada yake alikuwa amefanya vivyo hivyo miaka miwili nyuma. Walifundishana ufundi huo wakiwa wasichana.

"Nilikuuliza kama kope zinazidi kushuka mchana. Ukasema hapana."

"Niliogopa utanikataa."

"Nilikuuliza kama unapaliwa unapokula."

"Kila mtu hupaliwa."

"Nilikuuliza, ukasema hapana!"

Sasa daktari alikuwa amefoka. Nesi hakuwahi kumsikia akifoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hapo kifo kilikuwa hakijatajwa bado. Kitatajwa sasa hivi.

"Mama yenu yuko wapi?" daktari aliuliza, glavu akizivua moja baada ya nyingine.

Dada wawili walitazamana.

"Alifariki," mkubwa alijibu. "Zamani."

"Kwa nini?"

"Alipaliwa na tonge la chakula. Mbele yetu, mezani."

"Na macho yake? Yalikuwaje?"

Mtaani mama yao aliitwa Bi Maringo. Alikuwa akitembea amenyanyua kidevu, anawatazama watu kutoka juu, hata salamu akiipokea kama anapokea kitu kichafu. Wenzake walimchukia kwa hilo. Wanawe wenyewe walimwonea aibu, wakawa wanatembea hatua chache nyuma yake.

"Alikuwa haoni," Mama Kipusa alisema polepole. Akaziba mdomo kwa mkono. "Dada, mama hakuwa na maringo. Alikuwa haoni!"

Wakashikana. Yule mwenye macho yasiyofumba alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli, ingawa kwa kutazama usingejua tofauti.

Daktari aliwaacha walie. Halafu akavuta kiti.

"Sikilizeni. Sijasema mnao ugonjwa, kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Lakini kuna ugonjwa wa misuli unaotembea kwenye ukoo. Mtu akishakuwa mtu mzima, unaanza kwenye kope. Baadaye unashuka kooni. Unakwenda taratibu, miaka na miaka. Msuli unaofungua jicho unachoka, na baadaye hata ule unaolifunga. Wewe dada, waliokukata walitoa ngozi nyingi mno. Na huenda misuli yako haikuwa na nguvu ya kuziba pengo lililobaki."

"Kwa hiyo usipokata?" Mama Kipusa aliuliza.

"Zitaendelea kushuka."

"Na ukikata?"

Daktari alimtazama dada mtu.

"Basi nichague," Mama Kipusa alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Nipofuke nimefumba, au nipofuke nimefumbua."

"Ipo njia ya katikati. Kuinua kidogo, kiasi cha kuona, bila kutafuta uzuri, na jicho libaki na uwezo wa kujifunga. Hutafanana na ile picha. Hutafanana hata na ulivyokuwa ujanani. Lakini siwezi kuifanya leo kwenye uso niliodanganywa. Nenda kapime kwanza. Ukirudi, uje na uso wako."

Mama Kipusa alishusha miguu chini. Alikuwa ameshaamua, na wote mle ndani waliona. Hakatwi leo. Nesi alishusha pumzi akarudisha sindano mahali pake. Hata Baba Kipusa alithubutu kuvaa kofia.

Ningekuwa mwandishi mwenye huruma, ningeishia hapa.

"Swali la mwisho," daktari alisema. "Una watoto?"

"Mmoja. Binti, Kipusa wangu. Ana miaka ishirini."

"Kope zake zikoje?"

"Za bibi yake. Nzito tangu kuzaliwa." Alisita. "Huwa namwambia zinamharibia uso. Nimekuwa nikimbandika plasta tangu yuko shule."

"Kwa umri wake huenda ni umbile tu, hana tatizo lolote. Lakini kama amerithi, ngozi yoyote atakayoipunguza leo ataililia uzeeni. Mwambie asiguse kitu. Asikatwe na mtu, mpaka tujue."

"Nitamwambia leo leo. Yuko saluni, anampamba bibi harusi badala yangu."

Baba Kipusa alivua kofia tena.

"Hayuko saluni," alisema.

"Yuko wapi?"

"Nilimtuma kupeleka picha asubuhi. Zile nilizomaliza jana."

"Kuzipeleka wapi?"

Dada mtu alimsogelea Baba Kipusa mpaka pumzi zao zikagusana.

"Bado unawafanyia kazi? Baada ya mimi? Bado unawasafishia macho ya watu?"

"Shemeji, ni kazi tu. Huwa anapeleka na kurudi. Hakai hata—"

"Mpigie," Mama Kipusa alisema.

"Nimempigia toka nikiwa kwenye benchi. Hapokei."

Mama Kipusa alimpokonya simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Nesi alikuwa ameacha kukusanya vifaa. Daktari alikuwa amesimama.

Ikapokelewa.

"Baba?" Sauti ya Kipusa ilikuwa nzito, ulimi unaburuzika kama wa mtu aliyeamshwa.

"Ni mama. Uko wapi, mwanangu?"

"Mama! Nilitaka nikushtue jioni. Umeshamaliza wewe? Inauma?"

"Uko wapi?"

"Kwa wale wa baba. Wamenifanyia bure, wanataka picha tu. Wamenishikia simu, mimi siruhusiwi kunyanyua mkono." Akacheka kidogo, kicheko cha dawa. "Jicho moja tayari, mama."

Dada mtu aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, kama aliyekatwa kamba.

"Kipusa, nisikilize. Waambie waache. Sasa hivi. Shuka kitandani, nakuja kukuchukua."

"Niondoke na jicho moja?"

"Ndiyo! Ondoka na moja!"

"Mama, utanitembeza wapi na jicho moja?"

"Mimi sikukatwa. Umenisikia? Nimekataa. Daktari amekataa. Bibi yako alikuwa mgonjwa, mama yako mkubwa yuko hapa, macho yake yameharibika hapo hapo ulipo! Mwanangu, nakuomba!"

Sauti ya binti ikaja, na ingawa ilikuwa imelewa dawa, ilikuwa imeumia.

"Mama mkubwa yuko ng'ambo, mama. Kwa nini unanitungia? Toka niko mdogo unaniambia macho haya ni kasoro. Kila mtu akija unaanza nayo: mtoto mzuri, ila macho. Leo nimeamua kuitoa hiyo ila. Nilidhani utafurahi."

"Nilikosea! Kipusa, mimi ndiye niliyekosea, hukuwa na kasoro yoyote!"

"Ungeniambia jana."

Mama Kipusa alikuwa na maneno ya kumwuzia kila mwanamke uso mpya, na kwa mwanawe hakubakiwa hata na moja. Alikimbia. Aliipita benchi, akateremka ngazi peku, gauni la hospitali limefunguka mgongoni, mistari ya zambarau usoni, ukope mmoja juu na mwingine chini, simu ameibana sikioni. Nyuma yake mume alikuwa akipiga kelele kwamba gari liko upande wa pili. Hakumsikia. Watu barabarani walimpisha kama wanavyompisha kichaa.

"Mama, upo?"

"Nipo! Nakuja! Usikubali!"

"Naona usingizi." Sauti ikasogea mbali na simu. "Endeleeni," Kipusa alimwambia mtu aliyekuwa karibu naye.

Aliyeshika simu hakuikata. Labda aliisahau, labda aliiweka tu pembeni ya mto. Mama Kipusa alisimama katikati ya barabara, magari yanampigia honi kulia na kushoto, anaita jina la binti yake kwa nguvu zote. Kutoka kule alisikia chuma kikiokotwa kwenye sahani, kisha mwanamume akisema kwa upole, "Usitikisike."